Mtuhumiwa na Muuaji: Viambishi Viwili katika Filamu ya Upelelezi

Katika sarufi ya Kiswahili, kitenzi ua huzaa muuaji, na peleleza huzaa mpelelezi. Hao ni watenda. Lakini shuku, tuhumu na shtaki huzaa pia mshukiwa, mtuhumiwa na mshtakiwa, ambao wote wamebeba -wa ya kutendwa. Majina yao hayakutokana na walilolifanya, bali na walilofanyiwa na wengine. Tofauti hii, ambayo aghalabu hupitwa mbio darasani, ndiyo ufunguo wa filamu ya Kikorea Salinui Chueok, yaani Kumbukumbu za Mauaji, iliyoongozwa na Bong Joon-ho na kutolewa mwaka 2003.

Kisa chake kimejengwa juu ya mauaji ya kweli. Kati ya mwaka 1986 na 1991, wanawake na wasichana 10 waliuawa katika eneo la Hwaseong, kusini mwa Seoul. Mauaji hayo yalianza wakati Korea Kusini ingali chini ya utawala wa Chun Doo-hwan. Na katika filamu, wapelelezi wanapoomba askari wa kulinda usiku wa mvua, hujibiwa kwamba askari wamekwenda kuzima maandamano.

Mpelelezi Park Doo-man, anayeigizwa na Song Kang-ho, hujigamba kwamba humjua mkosaji kwa kumtazama machoni. Mkubwa wake anamwonesha vijana wawili walioketi ofisini: mmoja ni mbakaji, mwingine ni kaka wa aliyebakwa. Ni yupi? Park anawakazia macho, na filamu inahama bila kutupa jibu. Ni mzaha, lakini kila kitakachofuata kimo humo. Kijana mmoja mwenye upungufu wa akili anakamatwa. Kiatu chake kinagandamizwa topeni ili ipatikane alama ya unyayo. Anapigwa, kisha anafundishwa maneno ya kukiri. Baadaye sana ndipo wapelelezi wanapotambua kwamba maneno yale hayakuwa ya mtenda. Yalikuwa ya mtu aliyeona. Walikuwa na shahidi mikononi, wakamgeuza mtuhumiwa. Na wanapomrudia ili wamwulize, anakimbia na kugongwa na treni.

Msomaji aliyelelewa na riwaya za Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale iliyochapwa mwaka 1960, atashangazwa na jambo hili. Bwana Msa, na kiko chake, huwachambua washukiwa kwa akili mpaka -wa ianguke na mtenda abaki peke yake. Wapelelezi wa Bong huivuka njia hiyo kwa ngumi na mateke. Hata Seo Tae-yoon, aliyetoka Seoul na imani yake yote katika nyaraka, haponi. Majibu ya vinasaba kutoka Marekani yanapokataa kumthibitisha mshukiwa wa mwisho, ni yeye, msomi wa kundi, anayeinua bastola, na Park mwenye macho ya kujigamba ndiye anayemzuia. Mabadilishano haya ya nafasi yameandikwa kwa ustadi mkubwa kuliko fumbo la muuaji lenyewe.

Filamu inamalizia mwaka 2003. Park, ambaye sasa ni mfanyabiashara, anarudi kwenye mtaro ulikoonekana maiti mmoja, na mtoto anamwambia kuwa mtu mwingine alipita hapo akikumbuka alichokifanya zamani. Alifananaje? Wa kawaida tu. Park anageuka na kuwatazama watazamaji.

Hali halisi ilikuwa nyingine. Mwaka 2019 vinasaba vilimtambulisha mtu aliyekuwa gerezani tangu mwaka 1994 kwa kumuua shemeji yake. Akakiri mauaji yote 10. Hakuweza kushtakiwa kwa mauaji hayo, kwani muda wa kisheria ulikwisha mwaka 2006. Lakini kwa kifo cha nane alikuwapo tayari mtu aliyekamatwa mwaka 1989 na kuhukumiwa, ambaye alisema kwamba alikiri kwa kuteswa. Basi watu walipokuwa wakiitazama filamu hiyo kwa mara ya kwanza, wote wawili walikuwa kifungoni, na Kiswahili kingewaita kwa neno moja lenye -wa ile ile: mfungwa. Wa pili alitoka mwaka 2009, baada ya miaka ipatayo 20. Mahakama ilitangaza kwamba hana hatia mnamo Desemba 2020.