Mzee Wetu wa Sauti ya Nne

Hotuba ya Katibu wa Kwaya katika Sherehe ya Yubilei ya Miaka 50



Tumepewa dakika kumi za kusoma historia ya kwaya tangu 1975. Historia hiyo iko katika kurasa za mwanzo za kijitabu mlicho nacho mkononi, pamoja na picha na majina ya walimu wetu wote, nanyi mtaisoma wenyewe nyumbani. Tumeomba ruhusa tuzitumie dakika hizi kumkumbuka mtu mmoja. Hatutamtaja jina, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda kutajwa mbele ya watu, na watoto wake wametuomba tuliheshimu hilo. Tukisema Babu wa sauti ya nne, kila aliyekulia kanisa hili ameshamjua.

Babu hakuwa na tarehe ya kuzaliwa. Mama yake alimwambia tu kwamba alizaliwa nzige wakiwa bado hawajaondoka, basi afisa wa vitambulisho akaandika 1931, kisha akaongeza tarehe mosi Januari kama alivyowaandikia wazee wengi wa milima hii ya Taita. Kwa hesabu hiyo alituacha Novemba mwaka jana akiwa na miaka 93. Aliacha watoto saba, wajukuu ambao hata wao hubishana idadi yao, na ng'ombe mmoja.

Alisoma hadi darasa la nne. Ujanani aliteremka Voi, akapanda treni kwenda Mombasa, akawa mpagazi bandarini Kilindini. Alikuwako wakati wa mgomo mkubwa wa 1955. Mwaka wa 1958 akarudi nyumbani, akaoa, na hakuondoka tena. Wengine tulipomuuliza kwa nini aliuacha mji wenye mshahara, alijibu, "Nilibeba magunia ya watu miaka minne. Nikaona heri nibebe yangu."

Na kweli aliyabeba. Wageni wetu wa pwani huenda hawajui ukulima wa huku ulivyo. Mtu ana kipande cha kabichi na ndizi huku juu kwenye ukungu, na kipande kingine cha mahindi kule chini upande wa Mwatate, kwenye joto. Huku juu unagombana na majirani kuhusu zamu ya maji ya mfereji, kule chini unagombana na ndovu wanaotoka Tsavo. Mwaka mmoja ndovu waliingia usiku mahindi yakiwa yamebakiza wiki moja kuvunwa. Asubuhi Babu alikata mabua yaliyolala, akayapandisha mlimani kwa mgongo safari nne, akamlisha ng'ombe. Jumamosi hiyo alikuja mazoezini kama kawaida. Tulimpa pole. Akasema ng'ombe anashukuru.

Tusimfanye malaika lakini. Alikuwa mbishi. Kinanda kilipoletwa kanisani alikaa miezi mitatu akikiita "hicho kisanduku." Wakati wa mahubiri alisinzia, tena kwa sauti ya nne ileile. Akifungua kanisa saa nane kwa mazoezi, saa nane na dakika tano alifunga mlango kwa ndani, na wengi wetu tuliimba nje ya dirisha siku hizo. Mjukuu wake aliye Ughaibuni alimletea simu nzuri, naye akaifunga kwenye kitambaa na kuiweka kabatini pamoja na cheti cha ubatizo.

Jambo ambalo watu hawakuelewa ni jinsi alivyotosheka. Watoto walitaka kumjengea nyumba ya mawe. Akauliza itagharimu pesa ngapi, wakamwambia, akafikiri siku mbili, kisha akawaomba wanunue tangi la maji la nusu ya nusu ya pesa hizo, ili Bibi asipande tena kutoka mferejini na ndoo. Mwenye magari alitaka kununua shamba lake la juu, akapewa kimanga na chai, akarudi bila shamba. Tulidhani ni mtu ambaye hana haja na kitu chochote. Hapo ndipo tulipokosea, na ndiyo sababu ya hotuba hii.

Mwaka wa 1975 kwaya hii ilianza na watu kumi na mmoja na kitabu kimoja cha nota. Babu, huyo wa darasa la nne, alikaa chini na penseli akanakili nota zote za do, re, mi kwa mkono katika madaftari ya shule, sauti zote nne, ili kila kundi liwe na lake. Madaftari matatu bado tunayo. Yako kwenye meza pale mlangoni, tafadhali msiyashike mkiwa na mikono ya mafuta. Kwa karibu miaka arobaini yeye ndiye aliyekuwa msingi wa besi zetu. Katika ukame wa 1984, tulipokuwa tukila mahindi ya manjano ya msaada, ni yeye aliyesema mazoezi yasikatizwe, watu waimbe wakiwa wameketi.

Mapema mwaka huu, tulipokuwa tukitafuta habari za kijitabu hiki, tulifungua kumbukumbu za vikao za 2014. Mwaka huo tulikuwa tukijiandaa kwa mashindano. Kuna mstari mmoja umeandikwa: "Imekubaliwa wazee ambao sauti zao zimechoka wapumzike." Haukutaja jina. Kwenye kwaya nzima kulikuwa na mzee mmoja tu ambaye sauti yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Tuliokuwa kwenye kikao tuliinua mikono, na tusiokuwako tuliambiwa kesho yake tukasema ni sawa. Alipelekewa barua. Hakuna hata mmoja wetu aliyeenda na miguu yake.

Jumamosi iliyofuata alifika saa nane, akafungua kanisa, akaweka mkungu wa ndizi mbivu mezani, akaenda kuketi benchi la nyuma kabisa. Hatukumwuliza kitu. Tulifurahi kwamba hakukasirika. Kwenye mashindano tulitoka nambari ya nne, na tuliporudi alicheka akasema, "Sauti ya nne, nambari ya nne. Basi mlinikumbuka." Nasi tukacheka, tukasema mnaona, Babu hana neno.

Alikaa benchi lile miaka kumi. Alikuwa akiimba kwa chini, na sisi wa besi, tukipotea, tulitega sikio nyuma tukarudi njiani. Hilo tulilijua wote na hatukulisema.

Usiku wa mkesha wa mazishi, binti yake mkubwa alituambia habari ya siku ile ya barua. Babu aliisoma mara mbili. Akatoka, akashuka hadi mferejini, akaketi kwenye jiwe mpaka giza likaingia. Haikuwa zamu yake ya maji. Bibi alimpelekea chakula, akakirudisha kilivyokuwa. Mambo ya ndovu na nyumba ya mawe hayakuwahi kumzuia kula, alisema binti yake, lakini hilo lilimzuia siku tatu. Siku ya nne, ambayo ilikuwa Jumamosi, aliamka mapema akaenda kukata mkungu wa ndizi.

Kwa hivyo utulivu wake haukumjia bure. Aliutafuta siku tatu kwenye jiwe, nasi tukauchukua kama ruhusa. Tulikuwa na miaka kumi ya kumwomba msamaha na tulikuwa tukimwona kila Jumamosi. Leo tunamwomba mbele ya watoto wake walioketi pale mbele. Tunajua tumechelewa.

Kuna jambo lingine ambalo kumbukumbu hazikuandika. Baada ya barua ile, wazee wanne walijitoa kwaya mmoja baada ya mwingine, kabla ya kuambiwa. Mmoja alisema ni magoti, mwingine akasema ni mvua za njia ya kwao. Tuliwaamini kwa sababu ilikuwa rahisi.

Mwezi wa tatu kamati ilikaa na kuufuta uamuzi wa 2014. Tulienda kwa wazee wale nyumbani kwao, safari hii kwa miguu. Mmoja alitufukuza kwanza, kisha akatuita turudi tunywe uji. Wote wanne wameshonewa majoho, nao wako hapa. Wataimba pamoja nasi wimbo unaofuata, ulionakiliwa katika daftari la pili la Babu. Sauti zitatetemeka. Mwalimu wetu ameshaambiwa asiongeze kinanda kuzifunika.

Wazee wetu, karibuni mbele, polepole, ngazi ya pili ina ufa. Besi, wapisheni katikati.

Mwalimu, tupe do.