Kipi Kinaweza Kusubiri? Magonjwa ya Mlipuko na Upatikanaji wa Huduma za Upasuaji wa Kinywa Afrika Mashariki



Tarehe 25 Machi 2020 yalitolewa maagizo matatu katika nchi tatu. England, kliniki za meno ziliagizwa kusimamisha huduma zote za kawaida, na mgonjwa akatakiwa apige simu kwanza. Uganda ilisimamisha usafiri wa umma, na siku tano baadaye magari binafsi nayo yakazuiwa. Kenya ilitangaza amri ya kutotoka nje usiku, ianze kutekelezwa tarehe 27. Agizo la kwanza lilimhusu mgonjwa wa meno moja kwa moja. Mawili mengine hayakumtaja kabisa. Hata hivyo yote matatu yalimwambia jambo lile lile: asubiri. Hoja ya mada hii ni kwamba kilichomwumiza zaidi mgonjwa wa upasuaji wa kinywa katika janga la UVIKO-19 ni kipimo kilichotumika kuamua kipi kinaweza kusubiri. Kipimo hicho kinafaa pale ambapo watu huwahi kutibiwa. Kikiletwa kwetu, ambako mwenye jino bovu hufika akiwa ameshachelewa, kinamweka kwenye foleni mtu ambaye tayari ni mgonjwa wa dharura.

Hali kabla ya janga

Huduma hizi zina ngazi zake. Chini kabisa kuna kung'oa jino kwa ganzi na kupasua jipu ili usaha utoke, kazi ambazo tabibu wa kinywa na meno anaweza kuzifanya katika kituo cha afya. Ngazi ya pili ina magego ya mwisho yaliyolala ndani ya mfupa, mataya yaliyovunjika katika ajali za bodaboda, na watoto waliozaliwa na mdomo sungura. Juu kabisa kuna uvimbe wa taya kama ameloblastoma, pamoja na saratani za kinywa, ambazo huhitaji nusu kaputi, chumba kikubwa cha upasuaji na mara nyingi rufaa hadi hospitali za Muhimbili, Kenyatta au Mulago. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao bilioni 3.5 wana magonjwa ya kinywa, na kwamba Kanda ya Afrika ina madaktari wa meno takriban 3 kwa kila watu 100,000, sehemu ya kumi ya wastani wa dunia. Kwa uhaba huo, wengi hawafiki kwa daktari ili kukaguliwa. Hufika baada ya mitishamba na dawa za maumivu za dukani kushindwa, shavu limeshavimba na usingizi umeshapotea. Ngazi ya kwanza ndiyo inayobeba mzigo mkubwa, na ikikatika, walioko chini hawapandi ya pili kwa utaratibu. Huporomokea hospitalini wakiwa mahututi.

Janga lilivyobana njia

Ushahidi wa kubanwa kwa huduma ni mwingi. Katika tathmini ya Shirika la Afya Duniani, asilimia 77 ya nchi zilieleza kwamba huduma zao za meno zilivurugika kwa kiasi au kusimama kabisa, na hivyo zikawa miongoni mwa huduma muhimu zilizoathirika zaidi. Watafiti wa mtandao wa CovidSurg walikadiria mwaka 2020 kwamba upasuaji wa kupangwa zaidi ya milioni 28 ungeahirishwa au kufutwa duniani katika majuma 12 ya kilele cha janga. England, idadi ya watoto waliong'olewa meno yaliyooza hospitalini ilishuka kwa zaidi ya nusu katika mwaka wa fedha wa 2020/21. Hakuna anayeamini kwamba nusu ya meno hayo yalijiponya. Yalibaki vinywani, yakiendelea kuoza. Takwimu za huduma zinapopungua wakati wa janga, mtawala anaweza kuzisoma kama dalili ya mahitaji kupungua, ilhali zinaonyesha deni linalolimbikizwa.

Uganda inatuonyesha upande mwingine. Huko kliniki hazikuhitaji kufungwa ili mgonjwa azikose. Magari yalipozuiwa, mgonjwa aliyetaka kusafiri alipaswa kupata kibali cha Mkuu wa Wilaya, na baada ya malalamiko wajawazito waliruhusiwa kwenda hospitali bila kibali. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, na unafundisha: serikali ilikubali kwamba kuna hali za kiafya zisizoweza kungoja mhuri. Mwenye jipu la jino hakuwamo katika kundi hilo. Lakini usaha wa gego la chini unaweza kuteremka sakafu ya mdomo na shingoni, ukainua ulimi na kuziba njia ya hewa, hali ambayo wataalamu huiita anjaina ya Ludwig. Jipu linaweza kumfikisha mtu hapo katika muda wa siku chache, na hali hiyo huua. Dalili yake ya mwanzo ni maumivu ya jino, kitu ambacho askari wa kizuizi cha barabarani, karani wa wilaya na hata mgonjwa mwenyewe hukiona kidogo.

Hoja za upande wa pili

Kuna watakaosema kwamba miongozo haikumsahau mgonjwa wa dharura. Ni kweli. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Agosti 2020 ulishauri kuahirisha huduma zisizo za lazima pale maambukizi yalipokuwa yameenea, na ukataka huduma za dharura ziendelee. Shida iko kwa anayetafsiri neno hilo. England kulikuwa na daktari kwenye simu, anayeuliza maswali na kumpeleka mgonjwa kwenye kituo maalumu cha dharura. Mahali pasipo na simu hiyo, mgonjwa hujipima mwenyewe, na ameshasikia redioni kwamba asiende hospitali bila sababu kubwa. Msamaha usioeleweka kijijini ni sawa na kutokuwepo.

Wengine watasema kwamba mdomo ndiyo njia ya virusi, na mtoa huduma asingeweza kuachwa augue kwa sababu ya kazi yake. Hofu hiyo ilikuwa halali, hasa katika miezi ya mwanzo. Lakini kazi za kinywani hazilingani kwa hatari. Mashine ya kuchonga jino kwa kasi na ile ya kusafisha ugaga kwa mitetemo hurusha matone madogo hewani. Ndiyo sababu Uingereza mwanzoni iliagiza chumba kiachwe kitupu hadi saa nzima baada ya kuzitumia. Kung'oa jino kwa koleo, bila mashine, hakuko katika kundi hilo. Isitoshe, uchunguzi wa madaktari wa meno wa Marekani mnamo Juni 2020 ulikadiria kwamba walioambukizwa hawakufika asilimia 1. Ni kweli walikuwa na vifaa kinga ambavyo vituo vyetu vingi havikuwa navyo. Hilo linatuelekeza kwenye kununua vifaa na kuchagua njia za tiba, wala halihalalishi kufunga ngazi nzima ya huduma.

Hoja ngumu zaidi ni ya uhaba: barakoa na glavu zikiwa chache, kwa nini zisipelekwe wodi za wagonjwa wa UVIKO? Jibu liko kwenye hesabu ya kituo chenyewe. Jino linalong'olewa mapema hutumia jozi ya glavu, barakoa, ganzi na dakika chache. Likiachwa hadi shingo ivimbe, litahitaji chumba cha upasuaji, mtaalamu wa usingizi, oksijeni, pengine tundu la kupumulia shingoni na kitanda cha wagonjwa mahututi, yaani rasilimali zile zile ambazo wodi ya UVIKO inazililia. Kuokoa jozi ya glavu kwa kupoteza kitanda cha namna hiyo ni hasara, hata kwa yule anayejali UVIKO peke yake.

Vipi kuhusu dawa? England ilitumia njia ya ushauri kwa simu, dawa za maumivu na antibayotiki. Kati ya Aprili na Julai 2020, antibayotiki zilizoandikwa na madaktari wa meno huko ziliongezeka kwa takriban robo zikilinganishwa na miezi hiyo hiyo ya mwaka 2019. Antibayotiki haiondoi usaha uliojifungia, wala haiondoi jino lililouleta. Hutuliza kwa muda, maumivu hurudi, na usugu wa vimelea huongezeka. Kwetu, ambako dawa hizo hununuliwa dukani bila cheti, njia hiyo ni ya hatari zaidi.

Mwisho, kuna wanaosema Tanzania haikufunga nchi, kwa hiyo mjadala huu hautuhusu. Barabara wazi ni nusu tu ya upatikanaji. Glavu zilipopanda bei duniani mwaka 2020, zahanati ya Tanzania ilinunua katika soko lile lile, na hofu haikuhitaji amri ya serikali ili imzuie mtu nyumbani.

Mapendekezo

Sidai kwamba kila kitu kiendelee. Magego yaliyolala bila maumivu, meno ya kupandikiza na kazi za urembo zinaweza kusubiri miezi kadhaa bila madhara makubwa. Ninachopendekeza kwanza ni orodha iandikwe sasa, kabla ya mlipuko mwingine, na iwe na mambo manne yasiyosimamishwa: kung'oa jino lenye maumivu au uvimbe, kupasua jipu, kutibu taya lililovunjika au damu isiyokoma, na kuchunguza kidonda cha mdomoni kisichopona kwa majuma mawili au uvimbe wa taya unaokua. Dalili za mambo hayo ziandikwe kwa Kiswahili cha kila siku, zitangazwe redioni, na zitoshe kumpitisha mgonjwa kwenye kizuizi chochote bila kibali.

Pili, tiba zisizo na mashine zipewe nafasi ya kwanza. Njia ya kuziba jino kwa vifaa vya mkono ilianzia hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ajili ya mahali pasipo na umeme. Mwaka 2021 saruji ya glasi ayonoma inayotumika katika njia hiyo iliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kilichobuniwa kwa sababu ya umaskini wa vifaa kimeonekana kuwa salama zaidi wakati wa janga, na kila tabibu anapaswa kuhitimu akiwa amekimudu.

Tatu, akiba ya vifaa kinga ya wilaya itenge fungu la kinywa na meno, lisiloweza kuchukuliwa bila idhini ya maandishi ya mganga mkuu wa wilaya. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na mgonjwa mmoja wa anjaina ya Ludwig. Waganga wakuu wa wilaya walioko katika semina hii wanaweza kuanza na orodha ile ya mambo manne bila kusubiri bajeti mpya, kwa kuwa inahitaji waraka na sahihi yao tu.