Chungu cha Maharage Wakati Ziwa Linapofungwa

Leo nataka kusema nanyi habari za kitoweo kisichovuliwa wala kuchinjwa, yaani maharage, pamoja na ndugu zake: kunde, mbaazi, choroko na njugu mawe.

Hapa kwetu Gungu, mtu akitaja kitoweo, mawazo hukimbilia ziwani, kwenye dagaa na migebuka. Lakini tarehe 15 Mei 2024 uvuvi wa Ziwa Tanganyika ulisimamishwa upande wetu hata tarehe 15 Agosti, kwa mapatano ya nchi nne zinazopakana na ziwa, ili samaki wapate kuzaana na kukua. Wakati kama huo mama mwenye nyumba hujiuliza: Leo watoto watakula ugali kwa nini?

Swali hilo si dogo. Ugali wa muhogo hushibisha, lakini haujengi mwili. Katika gramu 100 za unga wa muhogo mna gramu 1 au 2 tu za protini, ndicho chakula kijengacho mwili. Katika uzito uo huo wa maharage makavu mna gramu 20 na zaidi. Mtoto alaye ugali kwa chumvi siku nyingi, tumbo lake limejaa, na mwili wake una njaa.

Najua mtanijibu. Mtasema maharage humaliza kuni, husokota tumbo, tena hayana ladha. Nami nasema: kosa si la maharage, ni la mpishi. Basi sikilizeni jinsi ya kuyapika.

Kwa watu sita, twaa nusu kilo. Usiku, kabla ya kulala, yachague, toa mawe, yaoshe, kisha yaloweke katika maji mengi, maana yatavimba. Asubuhi mwaga maji yale. Sehemu ya vitu visokotavyo tumbo huondoka nayo. Maharage yaliyolowekwa huiva upesi kuliko makavu, na hapo ndipo kuni na makaa yanapookolewa.

Tia maji mapya, yachemshe kwa moto mkali dakika 10 au zaidi, kisha punguza moto, funika, uyaache yaive polepole. Moto ule wa kwanza una sababu yake: maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu iletayo kutapika, na kuchemka sana ndiko kuiondoako. Usile kamwe maharage yasiyoiva.

Nyanya na limau zingoje kwanza. Ukali wake huyafanya maharage yakawie kulainika. Wako watumiao magadi ili yaive haraka. Hulainisha kweli, lakini huharibu baadhi ya vitamini. Aliyeloweka usiku hana haja nayo.

Yakiisha kulainika, kaanga vitunguu viwili katika vijiko vitatu vya mawese, utie nyanya tatu, zikivurugika mimina maharage. Ponda machache kwa mwiko ili mchuzi uwe mzito, utie chumvi na pilipili. Mawese mekundu yana kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, ifaayo macho. Asiye na mawese atie karanga zilizotwangwa.

Mwisho, kamua limau sahanini, au weka mboga za majani kando. Hivi huusaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika maharage. Chai huyazuia, basi inywe baadaye, si pamoja na chakula. Kesho yake, maharage yaliyobaki yachemshe tena pamoja na ndizi mbichi, chakula wakijuacho vema Waha wa Kasulu na Kibondo.

Lakini sitawadanganya. Maharage hayana vitamini B12, nayo yahitajiwa kwa damu na mishipa ya fahamu. Asiyekula kabisa samaki, nyama, maziwa wala mayai hana budi kuipata kwa vidonge au kwa chakula kilichotiwa vitamini hiyo. Hasa mama mjamzito na anyonyeshaye wasilisahau jambo hili.

Neno langu la mwisho ni hili. Samaki asipopatikana leo, hakuna cha jana isipokuwa kilichokaushwa. Bali maharage hungoja. Yanunueni wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, yaanikeni juani hata yakauke sana, myatie katika chombo kifungwacho barabara, vidudu visipate kupenya. Ziwa likifunguliwa tutakula dagaa kwa furaha. Likifungwa, watoto wasilale kwa ugali mtupu. Wazee walisema, akiba haiozi.