UKIFUGA SAMAKI, FUGA MAJI KWANZA

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa wajumbe wa vikundi vya kujisaidia waliokutana Mbaraki, Mombasa. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa. Yasomeni pamoja kikundini, kisha mjibu maswali yaliyo mwishoni.)

Niliombwa nizungumze juu ya kufuga samaki wa maji matamu ndani ya tangi, maana hapa kisiwani nafasi ya kuchimba kidimbwi hatuna. Najua baadhi yenu tayari mna tangi tupu na akiba ya kuanzia. Basi kabla hamjanunua hata samaki mmoja, niwaeleze jinsi kikundi chetu kilivyopoteza wa kwetu.

Tulikuwa watu 14. Tangi letu lilikuwa la saruji, urefu mita 3, upana mita 2, na maji ya kina cha mita 1. Hizo ni lita 6,000. Kwa pesa za mzunguko wa mwaka mzima tukanunua vifaranga 1,000 vya tilapia na kambare 20. Kifaranga ni kama kidole. Kila aliyepita alisema, "Mbona tangi lenu ni tupu?" Nasi tukajisifu kwamba nafasi bado ipo.

Tulikuwa na pampu moja ya stima iliyopitisha maji kwenye pipa la kokoto. Hilo ndilo lililokuwa chujio letu. Miezi ikapita, samaki wakafika gramu 100 hivi. Siku moja kijana wa zamu, mtu wa bidii sana, akaona kokoto zimefunikwa na utando wa kahawia unaoteleza. Akazitoa zote, akazisugua kwa maji ya mfereji mpaka zikang'aa. Sote tulimsifu.

Baada ya siku nne samaki wakaanza kuja juu asubuhi, midomo wazi. Tukasema wana njaa, tukawaongeza chakula. Siku ya sita stima ikapotea usiku. Asubuhi tilapia wote walikuwa wanaelea, matumbo juu. Kambare walikuwa wazima, wanaogelea.

Mama mmoja alikaa chini kando ya tangi akauliza, "Sasa karo ya Januari itatoka wapi?" Hakuna aliyemjibu. Kisha maneno yakaanza: tumetiliwa sumu. Jirani fulani akatajwa, na kikundi kikakaribia kuvunjika. Ndugu zangu, hakuna aliyetia sumu. Sumu tuliitengeneza sisi wenyewe, kwa bidii na usafi wetu.

NINI KILITOKEA NDANI YA MAJI

Samaki huishi ndani ya choo chake mwenyewe. Uchafu anaotoa, pamoja na chakula kilichobaki na kuoza, hutoa amonia. Kwa chakula cha kawaida cha kilo moja hutoka amonia ya gramu 30 hivi. Amonia ni sumu. Huiwezi kuiona, na maji yanaweza kuwa maangavu kama kioo huku yanaua.

Ule utando wa kahawia ulikuwa makao ya bakteria, vijidudu vizuri vinavyofanya kazi mbili. Vya kwanza hugeuza amonia kuwa naitriti, ambayo pia ni sumu. Vya pili hugeuza naitriti kuwa naitreti, ambayo samaki huvumilia na mimea huila. Maji yetu ya mfereji huwekwa klorini ili kuua vijidudu. Kwa hiyo kijana wetu alipozisugua kokoto kwa maji yale, aliwafuta wafanyakazi wote siku moja, na hakuna aliyeshika zamu yao.

Hapa kwetu pwani shida ina mambo mawili zaidi. La kwanza ni joto. Maji ya nyuzi 30 hubeba hewa pungufu kuliko ya nyuzi 20, karibu sehemu moja ya sita. La pili ni mawe yetu. Utazameni huo mnara wa kale wa Mbaraki: ni mawe ya matumbawe, na ardhi tunayoikanyaga ni hayo hayo. Maji ya kisima yanayopita humo huwa mazito, tena mara nyingi ya chumvichumvi. Katika maji ya namna hiyo, na katika joto, amonia huwa kali zaidi.

Na kambare je? Yeye ana kiungo cha pekee cha kuvuta hewa ya juu kama sisi. Ndiyo maana alipona. Msimtumie kambare kupima uzima wa maji. Atawadanganya.

CHUJIO LA KWELI

Chujio lina ngazi tatu. Ya kwanza inashika takataka: sponji, wavu mzito au changarawe. Hii isafisheni mara kwa mara. Ya pili ni nyumba ya bakteria: kokoto, au hata vifuniko vya chupa za plastiki, ndani ya mapipa. Kokoto za mawe ya matumbawe kutoka machimboni ni nzuri, kwa sababu huzuia maji yasigeuke kuwa na tindikali. Lakini msivunje matumbawe hai baharini, ndiyo nyumba ya samaki wa wavuvi wetu. Ngazi hii ikiziba, isuuzeni kidogo kidogo, kwa maji ya tangi lenyewe, wala si yote siku moja. Ya tatu ni mimea: mchicha, sukuma wiki au mnanaa, hula ile naitreti.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Pale Bamburi, kuanzia 1971, Bwana René Haller alipanda mivinje katika machimbo ya kampuni ya saruji, mahali palipokuwa mwamba mtupu. Baadaye tilapia wakafugwa hapo hapo. Maji ya samaki hayakuhesabiwa kuwa uchafu wa kumwaga, yalikuwa chakula cha mimea. Na lile tangi la kioo mnaloliona kwenye hoteli kubwa, lenye samaki wa kutazamwa, linafuata sheria ile ile. Kioo hakibadilishi chochote.

HESABU YA SAMAKI

Kosa letu kubwa lilikuwa kuhesabu vifaranga. Hesabuni uzito wa samaki siku ya kuvuliwa. Samaki 1,000 wa gramu 250 ni kilo 250. Kwa lita 6,000, hizo ni zaidi ya kilo 40 katika kila lita 1,000. Hata mwenye chujio kamili na hewa ya akiba anashauriwa asizidi kilo 20. Anayeanza nampa kilo 5.

Basi tangi kama letu lingebeba kilo 30, yaani samaki 120. Najua mnaguna! Lakini 120 wa kuliwa ni bora kuliko 1,000 wa kuzikwa.

Samaki hao wakikua watakula gramu 600 hivi kwa siku. Kwa makadirio, kila gramu ya chakula cha siku inataka lita moja ya kokoto. Hayo ni mapipa 3 ya lita 200. Mboga zake zitataka mita mraba 12 au zaidi. Kama nafasi hiyo hamna, punguzeni samaki au badilisheni maji mara kwa mara. Pampu nayo iwe ya kupitisha angalau lita 3,000 kwa saa.

NI SAMAKI GANI?

Tilapia ni mvumilivu na soko lake lipo, lakini huzaa upesi. Tangi likijaa watoto, wote hudumaa. Kwa hiyo fugeni madume peke yake, nao hukua haraka zaidi. Samaki akifika gramu 30 hivi, mgeuzeni tumbo mtazame nyuma: dume ana matundu mawili, jike ana matatu.

Kambare huvumilia maji mabaya, lakini hula wenzake walio wadogo, na usiku hutoka tangini akatambaa. Apangwe kwa ukubwa, tena tangi liwe na kifuniko.

Neno moja zito: msimwage samaki wa tangini mtoni. Tilapia wa Naili si wa mito ya pwani. Athi, ambayo ikifika kwetu ni Galana kisha Sabaki, ina tilapia wake wa asili, na wakichanganyika wale wa asili hupotea. Kumbukeni Ziwa Viktoria. Sangara, ambaye Wajaluo humwita mbuta, aliingizwa huko katika miaka ya 1950. Alileta biashara kubwa, lakini aina nyingi sana za samaki wadogo wa ziwa hilo zilitoweka.

KABLA HAMJANUNUA

1. Jazeni tangi, acheni maji ya mfereji wazi siku mbili huku yakikorogwa, ili klorini itoke.
2. Wekeni samaki 10 tu. Bakteria huchukua wiki 4 hadi 6 kujijenga. Wengine waje baadaye, kidogo kidogo.
3. Samaki wakija juu asubuhi, msiwalishe. Ongezeni hewa na mbadilishe sehemu ya maji.
4. Stima ikipotea, mwenye zamu aamke, achote maji kwa ndoo na kuyamwaga tena kutoka juu. Wekeni zamu ya usiku tangu siku ya kwanza.

Yule kijana wetu tulikwenda kumweleza kwamba hakukosa yeye, tulikosa sote kwa kutojua. Na yule jirani aliyetajwa tulimwomba radhi. Hilo lilikuwa gumu kuliko kuanza upya. Sasa tuna samaki 120, na karo ya mwaka jana ilipatikana.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Tangi letu ni lita ngapi, na litabeba kilo ngapi?
2. Nani ana zamu ya usiku stima ikipotea?
3. Hasara ikitupata, tutatafutaje sababu kabla ya kumtaja mtu?