Kurekebisha Shokapu za Pikipiki ya Motokrosi kwa Mwendeshaji wa Kasi



Mtu anayeendesha kwa nguvu porini, anayeruka na kuingia kwenye mawe bila kuachia mafuta, mara nyingi huja gereji na ombi moja: "Fundi, nikazie shokapu." Mada yangu inalipinga ombi hilo. Kazi ya shokapu ni kuliweka tairi ardhini. Tairi likiwa hewani halisukumi, halishiki breki, wala halikati kona. Shokapu iliyokazwa kupita kiasi ikikutana na jiwe hulirusha gurudumu juu, na mwendo ukizidi mambo huharibika zaidi.

Mchezo wenyewe umelithibitisha hilo zamani. Mwaka 1973 Håkan Andersson wa Sweden alitwaa ubingwa wa dunia wa motokrosi wa cc 250 kwa Yamaha yenye shokapu moja ya nyuma, mfumo uliotokana na ubunifu wa mhandisi Mbelgiji Lucien Tilkens. Faida yake kubwa ilikuwa kulipa gurudumu la nyuma nafasi ndefu zaidi ya kupanda na kushuka. Motokrosi za leo zina nafasi ya takriban milimita 300 mbele na nyuma, na nafasi hiyo imewekwa itumike yote. Kama shokapu zako hazikaribii mwisho hata katika mruko mkubwa kuliko yote ya siku, umelipia milimita usizozitumia.

Tuanze na uzito wa mwendeshaji, si na skrubu. Kiwanda huchagua springi kwa mtu wa wastani, na mwenye kilo 60 au 100 huwa amenunua pikipiki iliyopangiwa mtu mwingine. Vifaa vinavyohitajika ni futi kamba na msaidizi. Weka pikipiki juu ya stendi, gurudumu la nyuma lining'inie, kisha pima kutoka kwenye ekseli kwenda juu moja kwa moja hadi alama uliyoiweka kwenye madigadi. Tuseme umepata milimita 610. Ishushe isimame yenyewe, upime tena: 575. Sasa mwendeshaji apande akiwa na helmeti, buti na maji yake, asimame kwenye futiresti: 505. Pikipiki peke yake imebonyea milimita 35. Ikiwa na mtu, 105. Hapo tumefika. Kwa kawaida tunatafuta 100 hadi 105 mtu akiwa juu, na 30 hadi 40 ikiwa peke yake.

Kipimo cha mtu akiwa juu hurekebishwa kwa nati iliyo juu ya springi. Kile cha pikipiki peke yake ndicho kinachosema kama springi yenyewe inafaa, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Mwendeshaji mzito akipewa springi laini, fundi hulazimika kuikaza nati sana ili afike 105. Akishuka, springi iliyobanwa huisukuma pikipiki juu, ikabaki imebonyea milimita 15 tu. Ukiibonyeza kwa mkono utaapa kwamba ni ngumu. Kipimo kinasema kinyume: springi ni laini, inatakiwa ngumu zaidi. Na ikibonyea 50 peke yake wakati mtu akiwa juu inasoma 105, springi ni ngumu mno kwa uzito wake. Nati haibadilishi ugumu wa springi hata kidogo. Mafundi wakilishika hili, malalamiko mengi yataishia hapo.

Springi ikishapatikana ndipo twende kwenye oili. Ndani ya shokapu oili hulazimishwa kupita kwenye matundu na visahani vyembamba vya chuma, na skrubu za nje hupanua au kubana njia hiyo. Kabla ya kubadili chochote, funga kila skrubu taratibu hadi mwisho ukihesabu kliki, andika namba, kisha irudishe ilipokuwa. Bila daftari mtakuwa mnabahatisha.

Skrubu ya kurudi ndiyo inayoangusha watu. Ikifunguliwa mno, nyuma hurushwa baada ya kila tuta na mwendeshaji husukumwa kuelekea usukani. Ikifungwa mno, shokapu haiwahi kurudi kabla ya tuta linalofuata. Kwenye mfululizo wa matuta inazidi kuzama hadi inaishiwa nafasi. Mwendeshaji huuhisi ugumu huo, akaomba skrubu ya kubonyea ifunguliwe, na shokapu ikazama zaidi.

Shokapu nyingi za nyuma zina skrubu mbili za kubonyea, moja ya mwendo mdogo na moja ya mwendo mkubwa. Mwendo unaokusudiwa ni wa shokapu, si wa pikipiki. Breki na kona huibonyeza polepole hata ukiwa kasi. Jiwe lenye ncha huibonyeza ghafla hata ukienda taratibu.

Kwa anayegonga mwisho akitua kutoka kwenye mruko, kama shokapu za mbele ni za springi, nashauri oili iongezwe mililita 5 hadi 10 kila upande, bila kuvuka kipimo cha kitabu cha pikipiki. Nafasi ya hewa juu ya oili hupungua, nayo hukaza mwishoni huku mwanzo ukibaki laini. Badilisheni kitu kimoja kwa wakati, kliki mbili, kwenye kipande kilekile cha njia. Msihukumu mzunguko wa kwanza, maana oili ikipata moto huwa nyepesi na shokapu hurudi haraka zaidi.

Mwisho, ombi kwa wenye gereji. Shokapu ya nyuma ina gesi ya naitrojeni yenye mgandamizo wa takriban baa 10, na kuifungua bila kuitoa gesi kwanza kunaweza kumjeruhi fundi. Asiye na mtungi wa naitrojeni na geji yake asiifungue, wala asiijaze kwa kompresa ya matairi. Hewa hiyo ina unyevu, na mgandamizo wake hupanda na kushuka zaidi kila shokapu inapopata moto na kupoa.