Kuhamia Bukavu bila kazi: mmoja atangulie

Familia inayotoka Walungu au Kalehe kuja Bukavu bila kazi iliyopatikana inaacha shamba na kuingia mahali ambapo kila kitu kinanunuliwa: maji, makala, hata fungu dogo la samaki wadogo wa sambaza la chakula cha jioni. Kabla ya hayo kuna garanti ya nyumba, yaani amana ya mpangaji. Sheria ya Kongo ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi mitatu, lakini hata hiyo mitatu inaweza kumaliza akiba yote. Anayebaki mikono mitupu hukimbilia kiwanja cha bei nafuu kwenye miteremko ya Kadutu, ambako udongo huporomoka mvua ikinyesha. Kwa hiyo tunashauri mtu mzima mmoja atangulie, apate kipato na marafiki wa likelemba (kuchangiana akiba kwa zamu), ndipo wengine wafuate. Shamba lisiuzwe.

Mtu atasema: vita haisubiri mpango. Ni kweli, anayekimbia risasi aokoe watoto kwanza, na sisi wenyeji tumpokee. Mwingine atasema shule nzuri ziko mjini. Nazo ziko, ila mtoto mwenye njaa hasomi vizuri. Tena mji wenyewe hutikisika: waasi wa M23 walipoingia Bukavu Februari 2025, benki zilifunga milango, na hata wenye mishahara walikwama. Aliyekuwa na shamba nyuma yake alikuwa na pa kuegemea. Haraka haraka haina baraka.