Giaboksi Inalia: Isikilize Kabla ya Kutoa Fedha

(Mazungumzo ya afisa elimu ya watu wazima mbele ya kikundi cha wahitimu wa kisomo chenye gari la pamoja)



Mliniita nije kuzungumza juu ya kisomo cha kujiendeleza. Lakini tangu nilipofika jana jioni, kila mtu ananiambia habari za gari. Pikapu ya kikundi inalia. Dereva anasema inalia kama nyuki waliofungiwa mtungini. Fundi wa kwanza amesema giaboksi imekufa, nunueni nyingine. Fundi wa pili amesema hiyo ni sauti ya uzee, endesheni tu. Naye Mama Mweka Hazina amefungua daftari lake akatuonyesha kwamba bei ya giaboksi nyingine itamaliza fedha zote za ufuta wa mwaka huu.

Basi nimeona tuzungumze juu ya sauti hiyo. Na mtaona kwamba kisomo hakitakuwa mbali.

Mimi si fundi, ni mwalimu. Lakini jambo hili nilijifunza kwa hasara, na nitawaambia bila kuficha.

Miaka michache iliyopita nilikuwa kituo kingine cha kazi. Tulikuwa na gari la zamani. Siku moja dereva aliniambia, "Mwalimu, giaboksi inalia." Nikamjibu, "Gari hili ni mzee. Mzee lazima agune." Watu wakacheka, nami nikajiona nimesema neno la hekima. Wiki tatu baadaye tulikuwa tunapanda mlima, saa moja jioni. Giaboksi ikatoa mlio mmoja mkubwa, gari likasimama. Ndani tulikuwa na mama mmoja na mtoto wake mgonjwa, tunawapeleka zahanati. Ilibidi mtoto apelekwe kwa baiskeli usiku ule, kijana mmoja akiendesha, mwingine akikimbia mbele na tochi. Mtoto alipona. Lakini mama yule hakuniambia neno, na mpaka leo nakumbuka alivyonitazama.

Fundi alipofungua giaboksi ile, oili aliyoikuta haikujaza hata kikombe cha chai. Sili ya nyuma ilikuwa imechoka. Oili ilivuja kidogo kidogo, na kila asubuhi palikuwa na doa jeusi chini ya gari. Sote tulikuwa tunaliona. Sili ni kitu cha bei ndogo. Lakini usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tuliujenga.

GIABOKSI NI KITU GANI?

Giaboksi ni sanduku la chuma lililo nyuma ya injini. Ndani mna shafti, yaani vyuma virefu vinavyozunguka. Juu ya shafti mna gia zenye meno. Na shafti hushikwa na beringi. Beringi mnazijua, ni kama zile golori za kwenye ekseli ya baiskeli. Golori zikikauka grisi, baiskeli hulia. Zikilika, gurudumu hucheza. Giaboksi nayo ni hivyo hivyo, ila yenyewe hutumia oili.

Shafti kubwa ni tatu. Ya kwanza huingiza nguvu kutoka kwenye injini kupitia klachi. Ya pili iko chini, nasi tuiite shafti ya chini. Ya tatu hutoa nguvu kwenda kwenye propela, difu na magurudumu ya nyuma.

Ukiweka gia ya kwanza, ya pili au ya tatu, nguvu hushuka kwanza kwenye shafti ya chini, kisha hupanda kwenye shafti ya kutoa. Lakini gia ya nne ni njia ya mkato. Nguvu hupita moja kwa moja bila kushuka. Kama gari lina gia ya tano, nguvu hushuka tena. Ndivyo zilivyo pikapu nyingi za zamani zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama vile Toyota Hilux za zamani. Likumbukeni jambo hili la njia ya mkato. Litatusaidia sasa hivi.

TUISOME SAUTI

Mlipoanza kisomo hamkuanza na kitabu kizima. Mlianza na herufi, mkaunganisha silabi, mkapata neno. Sauti ya gari nayo husomwa hivyo hivyo. Usiseme tu "inalia". Jiulize: Inaanza lini? Inaisha lini? Inabadilika lini?

Jaribio la kwanza. Gari limesimama mahali tambarare. Vuta breki ya mkono, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Washa injini, weka frii, na usiguse klachi. Sasa sikiliza. Hapo shafti ya kuingiza nguvu na shafti ya chini zinazunguka, ingawa gari halitembei. Kisha kanyaga klachi mpaka mwisho. Shafti zile zitasimama. Kama mlio nao unakwisha, basi zishuku beringi za shafti hizo mbili. Lakini kama kulikuwa kimya, na mlio unaanza pale unapokanyaga klachi, basi ishuku beringi ya klachi. Hiyo haiko ndani ya giaboksi, na si sababu ya kununua giaboksi.

Jaribio la pili. Endesha polepole kwenye barabara tambarare isiyo na watu wala mifugo. Pita gia moja moja. Kama mlio uko katika gia moja tu, yaelekea meno ya gia hiyo yamelika. Kama mlio uko katika gia ya kwanza, ya pili na ya tatu, lakini unapungua sana ukiingia ya nne, basi ishuku shafti ya chini na beringi zake. Kwa nini? Kwa sababu ya ile njia ya mkato. Katika gia ya nne shafti ya chini inazunguka tu, haibebi mzigo.

Jaribio la tatu. Gari likiwa linatembea pale pale tambarare, weka frii kwa muda mfupi. Usifanye hivi mteremkoni, ni hatari. Kama mlio unaendelea vile vile na unashuka kadiri gari linavyopunguza mwendo, basi chanzo kinaweza kuwa nyuma zaidi: beringi ya shafti ya kutoa, difu, au beringi za magurudumu. Mlio ukibadilika unapokanyaga mafuta na unapoachia, itazame difu. Ukibadilika unapokata kona, yatazame magurudumu.

Na gia ya rivasi? Hiyo isiwatie hofu. Katika magari mengi gia za mbele zina meno ya mshazari, ambayo hukutana taratibu, kwa hiyo hayapigi kelele. Rivasi mara nyingi ina meno yaliyonyooka, nayo hulia hata gari likiwa jipya.

OILI KABLA YA YOTE

Ndugu zangu, kabla ya kumwita fundi yeyote, pimeni oili. Zimeni injini, ngojeni ipoe. Gari lisimame mahali tambarare, na mawe yawe kwenye magurudumu. Mtu yeyote asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki huteleza, na gari haliombi radhi.

Ubavuni mwa giaboksi kuna nati ya kujazia oili, na chini kuna nati ya kumwagia. Fungueni kwanza ile ya kujazia. Mkimwaga oili kwanza, kisha nati ya juu ikakataa kufunguka, gari litabaki kavu hapo hapo lilipo. Ingizeni kidole kisafi katika tundu la ubavuni. Kwa kawaida oili inatakiwa ifike kwenye mdomo wa tundu. Msipitishe hapo, kwa maana ikizidi nayo hutafuta njia ya kuvuja.

Mkimwaga oili ya zamani, itazameni vizuri kwenye karai. Oili nayo husomwa. Vumbi laini la kijivu, kama majivu, ni la kawaida. Vumbi la manjano linalong'aa linatoka kwenye ringi za shaba zinazosaidia gia kuingia. Vipande vya chuma au maganda yake ni habari mbaya, ni beringi au meno yanayovunjika. Na kama oili ina rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, labda pale mlipovuka mto.

Dukani someni maandishi ya kwenye kopo. Mtaona namba kama 80W-90, ambayo huonyesha uzito wa oili. Mtaona pia GL-4 au GL-5. Kwa magari mengi ya namna hii GL-4 ni ya giaboksi, na GL-5 ni ya difu. Lakini msibahatishe. Kitabu cha gari ndicho kinachoamua.

Tena msikubali dawa ya kunyamazisha. Kuna hila ya zamani ya wauza magari wasio waaminifu, ya kutia unga wa mbao ndani ya giaboksi. Mlio hupungua siku ya kuuza, na mnunuzi huenda kufia mbele. Mlio ni mlinzi wako. Usimzibe mdomo, mwulize ameona nini.

TULICHOKIONA ASUBUHI HII

Leo alfajiri dereva wenu na mimi tulifanya majaribio hayo yote, na tukaandika. Nasoma kama tulivyoandika:

"Frii, klachi haijaguswa: inalia kidogo. Klachi imekanyagwa: kimya. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu: inalia sana. Gia ya nne: karibu kimya. Gia ya tano: inalia. Oili: kidole kimeingia mpaka pingili ya pili ndipo kikagusa. Sili ya nyuma: imelowa."

Nani anaweza kuyasoma maneno haya sasa? Naona mikono mingi. Ndiyo, mama pale nyuma. Umesema vema: shafti ya chini na beringi zake, na oili imepungua kwa sababu sili inavuja. Mama huyu hajawahi kushika spana, lakini ameisoma giaboksi.

Tulijaza oili. Mlio ukapungua, lakini haukwisha. Nawaambia wazi, oili haiponyeshi beringi iliyolika. Kwa hiyo fundi wa pili amekosea: si uzee tu, na mkiendelea kubeba magunia mtafika pale nilipofika mimi. Na fundi wa kwanza amewahi mno: huwezi kusema giaboksi nzima imekufa kabla ya kuifungua. Inawezekana beringi na sili zikatosha. Inawezekana pia meno nayo yameharibika, na hapo bei itapanda. Jibu liko ndani ya sanduku.

Shauri langu ni hili. Kwanza, gari lisibebe mzigo wala mgonjwa mpaka litengenezwe. Pili, fundi alifungue sanduku mbele ya dereva na Mama Mweka Hazina, na kabla ya kununua kitu aonyeshe kila kilichoharibika. Tatu, vipuri vya zamani virudi kwenu, mvione kwa macho yenu. Nne, lianzishwe daftari la gari: tarehe, kilometa, oili iliyoongezwa, doa lililoonekana, mlio uliosikika. Mngekuwa na daftari hilo, doa la sili lingeandikwa miezi mingi iliyopita.

Najua mnasubiri kupeleka ufuta, na kila siku gari linapolala ni hasara. Uamuzi ni wa kikao chenu, si wangu. Lakini mimi niliwahi kuambiwa na dereva kwamba giaboksi inalia, nikamcheka. Ninyi msimcheke dereva wenu.



MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini mlio hupungua katika gia ya nne kama shafti ya chini ndiyo mbovu?

2. Mlio unaanza pale tu klachi inapokanyagwa. Mtamwambia fundi atazame nini kwanza?

3. Kwa nini nati ya kujazia ifunguliwe kabla ya nati ya kumwagia?

4. Je, mashine ya kusaga, pampu au baiskeli za kijijini kwenu zina daftari? Nani ataliandika, na nani atalisoma?